Macho Kabla ya Mkono Kushuka

Kaka yangu alifariki Jumanne mchana, akiwa kwenye kiti chake cha kukunja kando ya kamera, wakisubiri wingu lipite. Wenzake walikuwa wameshajipanga. Mwigizaji mmoja alisimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, mtu wa sauti alikuwa amevaa vidude vyake vya masikioni, mpiga picha ameinama kwenye kamera. Wingu likapita, jua likatoka, na hakuna aliyefanya kitu, kwa sababu kazi yote ilianza kwa mkono wa kaka kuinuka, na mkono ulikuwa haujainuka. Walikuwa wamemzoea. Aliweza kukaa kimya mbele ya ukuta mpaka ukadhani amelala, kisha akakwambia kivuli cha dirisha bado hakijafika pale anapopataka. Kwa hiyo walisubiri. Yule wa ndoo aliniambia baadaye kwamba mkono ulianza kumuuma, akahamishia ndoo mkono wa pili, akaona aibu kwamba amesogea. Mwishowe yeye ndiye aliyeita, "Mzee, jua limetoka." Hapo ndipo walipojua.

Mimi nilikuwa kwenye karakana yangu ya ushonaji, nimezungukwa na mashati ya shule. Simu ilipokuja nilikuwa naunganisha mkono wa shati. Nilisikiliza, nikasema asante, nikaumaliza ule mkono, nikakata uzi. Ndipo nikakaa sakafuni.

Nyumbani tulimwita Subiri, kwa sababu tangu mdogo neno hilo halikumtoka mdomoni. Ukimwita kula, subiri. Ukimwambia mvua hiyo inakuja, ingia ndani, subiri, anataka kuiona ikianza. Mama alikuwa akisema, "Huyu siku ya kuzaliwa alinisubirisha, basi ameona mchezo mzuri." Mimi aliniita Nyota, kwa dhihaka, kwa vile katika filamu yake ya kwanza nilipewa kazi ya kupita mbele ya mlango nikiwa nimebeba beseni, na hata hiyo niliiharibu.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika na nyumba kurudi kuwa nyumba, wifi yangu, mke wa kaka, alinijia karakanani. Kaka alichelewa kuoa. Alipomwoa wifi alikuwa tayari mwongozaji wa filamu anayejulikana, na mama alikuwa ameshatutoka, kwa hiyo wifi hakumkuta mama mkwe wake hata siku moja. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusimamia mambo, na ndivyo ilivyo. Kaka hakuwahi kuwa na kampuni nyuma yake, si mwanzo si mwisho. Alikuwa na wifi. Vibali, magari, chakula cha waigizaji, magomvi na wenye kumbi, yote yalikuwa mikononi mwake.

"Wifi, siku moja hivi vitambaa vitakuangukia, tuje tukufukue," alisema akitafuta pa kukaa.

"Vikiniangukia angalau nitakufa nimevaa. Sogeza hizo sketi, ukae."

Alizisogeza, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Nikaona ana jambo.

"Wale wa ukumbi wa sinema wamenipigia. Wanataka jioni moja ya kumkumbuka. Filamu ya kwanza na ya mwisho aliyoimaliza, moja baada ya nyingine. Watu waone alikotoka na alikofika."

"Ya kwanza ipi?"

"Ya kwanza, wifi. Ile yenu ya begi."

Nilifurahi mpaka nikasimama. Ile filamu haikuwahi kuonyeshwa popote isipokuwa sebuleni kwetu, kwenye televisheni ya jirani tuliyoiazima. Kisha wifi akaongeza, kama mtu anayemalizia habari njema, "Mhariri ameshaanza kuisafisha. Na atayatoa yale macho. Mwenyewe alitaka yatoke."

Nikakaa tena.

Hapa inabidi nieleze, maana bila hivyo hayo macho hayataeleweka.

Filamu ya kwanza tuliipiga nyumbani, likizo moja, kaka akiwa ametoka tu shule. Ilikuwa hadithi ya mpangaji ambaye kila asubuhi anafunga begi, anaaga, anafika mlangoni, halafu anapata sababu ya kubaki siku moja zaidi. Mama alikuwa mwenye nyumba. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa mpangaji. Mjomba alikuwa pia mwenye kamera, kwani kazi yake ilikuwa kurekodi video za harusi, na ile kamera ilikuwa imehudhuria harusi nyingi kuliko umri wake. Ilikuwa imechoka. Ukibonyeza kitufe haikuanza papo hapo. Ilinung'unika kwanza, ikafikiri, ndipo ikaanza kushika picha, na ilikuwa ikifikiri kwa kadiri inavyotaka yenyewe.

Siku ya kwanza hatukulijua hilo. Jioni tulipotazama tulichorekodi, kila mtu alikuwa anaanzia katikati ya sentensi. Mama, aliyekuwa amekariri maneno yake tangu alfajiri huku akifua, alijiona akisema, "...uko wazi. Chagua," basi.

"Na yale mengine yako wapi?" aliuliza.

"Yamemezwa," kaka akasema.

"Na kamera?"

"Na kamera, mama."

"Basi iambie itapike, mimi sirudii."

Alirudia. Kesho yake kaka alileta utaratibu. Yeye atabonyeza kitufe na kuinua mkono juu. Sote tutulie tuli, hapo hapo tulipo, tumtazame yeye. Akishusha mkono, ndipo maneno yaanze. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kamera itafikiri kwa muda gani leo, alikuwa akiuacha mkono juu zaidi ya inavyohitajika, kwa usalama. Mashine ya kuhariri hatukuwa nayo. Tulipiga kipande baada ya kipande kwa mpangilio wa hadithi, juu ya kanda moja, na kilichoingia kwenye kanda ndiyo filamu.

Kwa hiyo filamu yote iko hivyo. Kila kipande kinaanza na watu wameganda, wanatazama kitu kilicho karibu na jicho la kamera. Mjomba na begi lake, amekaza shingo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mimi na beseni, nimeshindwa kuzuia kicheko. Halafu ghafla wote wanapata uhai na kuanza kugombana. Tulipowaonyesha majirani sebuleni walivunjika mbavu. "Hawa wamekauka kama nguo kwenye kamba!" fundi wa kuchomelea vyuma wa nyumba ya pili alipiga kelele, naye nyundo yake inasikika filamu nzima, kwa sababu alikataa katakata kusimamisha kazi. Kaka alicheka pamoja nao, lakini nilimwona anang'ata kucha.

Filamu zilizofuata zilikuwa bado za kwetu kwetu. Kamera ya kuazima, waigizaji ni sisi na marafiki, mjomba akizidi kujiona mwigizaji mkubwa mpaka akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kisha kaka akaanza kujulikana. Filamu zake zikasafiri bila sisi. Akapata watu waliosomea kazi, na kamera ambayo ukiigusa tu imeshaanza. Mimi nilizitazama zote, kila moja mara moja, siku ya kwanza ya kuonyeshwa, nikiwa nimevaa vizuri. Na kila mara nilitoka ukumbini kama mtu aliyealikwa nyumba aliyokuwa akiishi zamani na kupewa kiti cha wageni.

Sisemi zilikuwa mbaya. Zile za mwanzo zilijaa watu, za baadaye zilijaa vyumba. Katika moja kuna mzee anayekunja mashati ya marehemu mkewe; hasemi neno, na mpaka leo nikikunja shati namkumbuka. Lakini hakuna nyundo ya jirani. Hakuna anayecheka pasipotakiwa. Kitu kimoja tu kilibaki kutoka kwetu. Waigizaji wake wote, hata wale wakubwa, walisimama tuli kwanza kabla ya kusema, kwa muda mrefu, katika kila kipande. Kamera haikuhitaji tena, ila yeye alihitaji. Waandishi wa magazeti waliandika sana juu ya ule ukimya. Mmoja alisema ni ukimya wa mtu anayesikiliza waliokufa. Kaka alitusomea makala hiyo mezani, akaweka gazeti chini, akasema, "Kamera ya mjomba ingejua kusoma ingetaka jina lake liandikwe."

Tulicheka. Halafu akasema, taratibu, "Lakini huyu hajakosea sana. Sababu ya kuanza ni moja, sababu ya kuendelea ni nyingine."

Tofauti ilikuwa kwenye macho. Waigizaji wa baadaye walikatazwa kumtazama. Watazame meza, mikono yao, dirisha, popote. Alisema filamu ni nzuri pale ambapo mtazamaji hajui kwamba kuna mtu nyuma ya kamera. Na ile ya kwanza ilimtia aibu kwa hilo hilo. Wifi alikuwa amemsikia akisema zaidi ya mara moja, "Ile ya kwanza siku moja nitaikata. Nitatoa yale macho yanayonitazama." Maneno hayo wifi aliyachukua kama wosia.

Na mimi, pale kwenye kiti changu cha cherehani, nilikuwa nafikiria mama. Picha zake nilizonazo ni za kwenye karatasi. Anayesogea yuko mle tu, kwenye ile kanda. Na kaka mwenyewe, katika filamu zake zote, hayumo hata moja. Alipo ni pale tu mama anapomtazama.

"Wifi," nikasema, "usiyatoe."

"Si mimi. Yeye ndiye aliyesema."

"Alisema atakata yeye."

"Na sasa hayupo wa kukata. Unataka nimwonyeshe mbele za watu na kitu alichokionea aibu?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Kila kitu nilikuwa namfanyia kama alivyotaka. Kila kitu. Hili la mwisho nilifanye vingine?"

Haki ya filamu ni yake, na maneno ya mumewe aliyasikia yeye. Nilichoweza kuomba ni kuiona kabla haijapelekwa ukumbini. Akakubali.

Chumba cha mhariri kiko juu ya duka la vifaa vya umeme. Ni binti aliyefanya kazi na kaka katika filamu zake za mwisho, mpole, anayeongea kama vile kuna mtu amelala chumba cha pili. Pazia zito dirishani, skrini mbili, feni, nyaya sakafuni zimebandikwa kwa utepe wa gundi. Ilikuwa asubuhi, lakini mle ndani huwezi kujua. Alitupa viti, akakaa kwenye chake, akasema, "Shikamoo mama. Wewe ndiye wa beseni?"

"Marahaba mwanangu. Ndimi."

"Nimekutazama wiki nzima. Mjomba wenu naye, jamani, ile shingo!"

Akaanza na ile aliyoikata.

Nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Mlango unafunguka na mjomba anaongea hapo hapo. Mama anageuka kutoka jikoni na maneno yameshamtoka: "Chai iko mezani, mlango uko wazi. Chagua." Ilikwenda kama maji. Mama alikuwa mwigizaji hodari na sikuwahi kulijua hilo. Wifi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilitazama mpaka mwisho nikijiuliza nimekosa nini, kwa sababu mama alikuwepo pale mwanzo mpaka mwisho, akigomba, akimimina chai, na moyo wangu haukushtuka hata mara moja. Alikuwa yule mwenye nyumba. Mama yangu hakuwemo.

"Unaona?" wifi aliniambia. "Ni filamu kabisa sasa."

"Ni filamu," nikasema. "Sasa tuone ilivyokuwa."

Mhariri akamtazama wifi, wifi akainua mabega. Kanda ikaanza upya, na sote watatu tukacheka mara moja, maana mjomba alikuwa amesimama mlangoni na begi kama nguzo ya umeme. Nyundo ya jirani inagonga. Mjomba anatazama, anatazama, kisha anashtuka kama aliyechomwa na sindano na kuanza kuaga. Wifi alijifuta machozi ya kicheko. "Huyu mtu! Na hakuna aliyemwambia?"

"Alikuwa mwenye kamera," nikasema. "Nani amwambie?"

Kikaja kipande cha jikoni. Mama amesimama na birika. Mkono wa kaka uko juu, hatuuoni, lakini mama anauona. Na anamtazama. Mwanzo anatazama kama alivyoagizwa, makini, kama mtu anayengoja ishara ya kuvuka barabara. Muda unapita; siku hiyo kamera iliwahi kuanza, na kaka, asijue, aliuacha mkono juu. Basi uso wake unaanza kulegea. Anasahau kwamba ni mwenye nyumba. Anamwona mwanawe amesimama na mkono juu, amekaza midomo, ana wasiwasi, na pembeni mwa mdomo wake linaanza tabasamu analolizuia ili asimharibie. Halafu mkono unashuka, uso unafunga, na mwenye nyumba anasema, "Chai iko mezani."

Feni ilikuwa inazunguka. Wifi alikuwa ameacha kucheka.

"Rudisha hapo," alisema.

Mhariri akarudisha. Mama akamtazama tena.

"Huyo ndiye mama mkwe," wifi alisema, hakuwa akiuliza. Akavua miwani. "Mimi nilikuwa namtazama mume wangu hivyo hivyo. Asubuhi akitafuta funguo. Amesimama katikati ya chumba, amekasirikia dunia nzima, na funguo ziko mfukoni. Nilikuwa nasubiri azipate mwenyewe." Akaisogelea skrini. "Mbona hakuniambia mama yake alimtazama hivi?"

"Pengine hakujua," nikasema. "Alikuwa anashughulika na kitufe."

"Alijua," mhariri akasema.

Tukamgeukia. Alikuwa anazungusha kalamu mkononi, kama anayejuta kufungua mdomo.

"Aliwahi kuileta hii kanda hapa, ili tuikate. Tulianza vizuri, akawa ananiambia kata hapa, kata pale, toa shingo ya mjomba. Tukifika kwa mama yake ananiambia rudisha. Narudisha. Tena, rudisha. Halafu anasema leo amechoka, tuache, tutamalizia siku nyingine, na nifute tulichokata. Akaenda. Miezi ikapita akaja nayo tena, ikawa vile vile." Akaweka kalamu mezani. "Mama, samahani. Sikukwambia kwa sababu ulisema ni agizo lake, nami nilimsikia akiagiza. Na kukata alikuwa anakata. Ila alikuwa hafiki mwisho."

Wifi aliigeuza miwani kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu, nikajizuia. Nilijua nikisema litakuwa jambo la kushinda na kushindwa kati yangu na yeye, na halikuwa hilo.

"Ukibakisha hiki cha mama peke yake?" hatimaye aliuliza. "Ukakata vingine vyote?"

"Kitaonekana kama kosa," mhariri alijibu. "Watu watadhani mashine imekwama. Vikiwepo vyote, wanazoea. Vipande vya kimya vya filamu ya mwisho si watu wanavitazama wametulia?"

Akatuwekea kipande cha filamu ya mwisho kwenye skrini ya pili, ili tuone. Mwanamke amesimama jikoni, jikoni nzuri, kimya kabisa, hata bomba linasikika likidondosha. Anatazama chini, mikono yake. Kwenye skrini ya kwanza mama alikuwa amesimamishwa, birika mkononi. Walikaa hivyo kando kwa kando, huyu anatazama chini, huyu anatutazama. Nikaona jinsi kaka alivyokuwa akitafuta jambo moja miaka yote ile, na jinsi lilivyokuwa limemponyoka kidogo kwa upande mmoja. Au pengine alilificha kwa makusudi. Sina elimu ya filamu ya kuniwezesha kusema ni lipi.

"Watacheka," wifi alisema.

"Sisi tulicheka," nikasema.

"Watamcheka yeye."

"Watamcheka mjomba kwanza. Mjomba angefurahi."

Wifi akavaa miwani, akamgusa mhariri begani. "Iache ilivyo, binti yangu. Safisha mikwaruzo tu. Macho yaache." Kisha akanigeukia mimi, na ile sauti yake ya kusimamia mambo ikarudi, imekwaruza kidogo. "Na wewe, wifi, usinitazame hivyo. Nimesema iache. Twende, hiki chumba kinanibana kifua."

Jioni ya kumkumbuka watu walicheka, kama alivyosema. Walimcheka mjomba, wakanicheka mimi na beseni, na mtu mmoja nyuma yetu alimuuliza mwenzake, "Hawa wanasubiri nini?" akaambiwa anyamaze. Kwa mama wengine walitulia na wengine waliendelea kucheka. Wifi alinishika mkono kipande kile chote, akauachia pale mkono wa kaka uliposhuka. Baada ya mapumziko ikaja filamu ya mwisho, na kwa mara ya kwanza niliitazama bila kujisikia mgeni. Kila walipotulia nilijua aliyekuwa amesimama pembeni yao.

Ile iliyokatwa mhariri ameifuta, kwa ruhusa ya wifi. Ukumbi umeomba kuzionyesha tena zote mbili Jumamosi hii, mchana, na wifi ameshatuchukulia viti viwili.